Uendelevu wa Nguo na Hesabu za Biashara: Nani Hulipa, Nani Hufaidika

Chanzo cha mkanganyiko

Kwa zaidi ya miaka 10 sasa, wafuatiliaji wa habari za mitindo wamekuwa wakipewa taarifa zinazogongana. Wameelezwa kwamba utengenezaji wa nguo ndio unaoshika nafasi ya pili duniani kwa kuchafua mazingira, ukitanguliwa na mafuta ya petroli pekee, na dai hilo limerudiwa makongamanoni hadi likazoeleka kama jambo lililothibitishwa, ilhali waliolifuatilia hadi chimbuko lake hawakukuta utafiti wowote unaolibeba. Wameelezwa pia kwamba mitindo hutoa asilimia 10 ya gesi zote zinazoongeza joto la dunia. Ripoti ya McKinsey na Global Fashion Agenda ya mwaka 2020, hata hivyo, ilitaja tani bilioni 2.1 kwa mwaka 2018, yaani asilimia 4 hivi, na makadirio ya World Resources Institute na Apparel Impact Institute yaliyofuata mwaka mmoja baadaye yakashuka hadi kukaribia asilimia 2. Tasnia ambayo mzigo wake unakadiriwa kuwa asilimia 2 na hapohapo asilimia 10 haiwezi kupanga bajeti ya kuupunguza mzigo huo kwa uhakika.

Mkanganyiko wa takwimu umezaa mwingine, ambao ndio unaohusu uchambuzi huu: je, kampuni inayojenga mnyororo endelevu wa ugavi hupata faida au hujitia hasarani? Mnyororo wa ugavi ni mfuatano wa wote wanaoishika bidhaa tangu ikiwa malighafi hadi inapotundikwa dukani. Uendelevu unachukuliwa hapa kwa maana yake pana, yaani kuzalisha bila kuuchosha udongo, maji na hewa ambavyo uzalishaji wenyewe unavitegemea, na bila kumpa mfanyakazi ujira usiomtosha kuishi. Washauri wa biashara wamekuwa wakihubiri kwamba uendelevu hujilipa wenyewe. Wenye viwanda wengi wa Asia na Afrika hujibu kwamba faida hiyo hawajaiona kwenye vitabu vyao. Serikali nazo zimeyumba: Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 maelekezo yanayozitaka kampuni kubwa zichunguze madhara katika minyororo yao, kisha mwaka uliofuata ukasogeza mbele kuanza kutumika kwake.

Sehemu kubwa ya ubishi huu inatokana na namna swali lilivyoulizwa. Huulizwa kana kwamba mnyororo wa ugavi ni mtu mmoja mwenye mfuko mmoja, anayetoa fedha leo na kuzirudisha kesho, wakati kwa kweli ni mlolongo wa wafanyabiashara wasiolingana nguvu, ambapo mmoja anaweza kubeba gharama na mwingine akaandikiwa faida.

Fulana moja, mifuko mingi

Fulana ya pamba inayouzwa Ulaya huanzia shambani, ikapita kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kinachotenganisha nyuzi na mbegu, ikaenda kusokotwa, kufumwa, kutiwa rangi, kukatwa na kushonwa, kisha ikapakiwa melini. Mara nyingi kampuni ambayo jina lake limeandikwa shingoni mwa fulana hiyo haimiliki hata kimoja kati ya viwanda hivyo. Mwaka 2011 kampuni ya PUMA ya Ujerumani ilichapisha hesabu iliyojaribu kuweka thamani ya fedha kwenye maji, ardhi, taka na hewa chafu zilizotokana na bidhaa zake za mwaka 2010, na jumla ikafika euro milioni 145. Ofisi, maghala na maduka ya PUMA yenyewe yalichangia takriban asilimia 6 tu ya mzigo huo. Asilimia 57 ilitoka kwenye malighafi, yaani kwenye mashamba na malisho ambayo maofisa wake wengi hawajawahi kuyaona. Wanauchumi huiita hali hii gharama za nje, kwa maana ya gharama anayoizalisha mmoja na kuibeba mwingine, na ndiyo sababu bei ya dukani huwa haisemi kitu juu yake.

Mgawanyo wa fedha unafuata mkondo wa kinyume. Mchanganuo unaojulikana sana wa Fair Wear Foundation, uliochukua mfano wa fulana ya euro 29, unaonyesha kwamba euro 17 hubaki kwa muuzaji wa rejareja, 3.61 humwendea mwenye chapa, na mshonaji hupata senti 18. Kwa kuitazama juu juu, kumlipa mshonaji maradufu kungeipandisha fulana hadi euro 29.18, na wanaharakati wengi hufikia hapo wakasimama. Hesabu haiishii hapo, kwa kuwa kila anayefuata kwenye mnyororo huweka faida yake kama asilimia ya bei aliyonunulia: mwenye kiwanda, wakala, mwenye chapa, muuzaji, na mwisho kodi ya ongezeko la thamani. Senti 18 zinazoongezwa kwenye meza ya cherehani hufika dukani zikiwa zimekua mara kadhaa, na kilichozidi hakimrudii mshonaji. Ukweli huu hauzipendezi pande zote mbili. Mwanaharakati anagundua kwamba nyongeza si ndogo kama alivyodhani, na mwenye duka anagundua kwamba sehemu kubwa ya nyongeza anayoilalamikia ni faida ya wafanyabiashara, yeye mwenyewe akiwamo.

Hoja ya kwanza: uendelevu hupunguza gharama

Hoja yenye ushahidi imara kuliko zote ni kwamba kutopoteza nishati, maji na nguvu za watu huokoa fedha. Mfano wa karibu unatoka katika viwanda vya ushonaji vya Bangalore, India, ambako wanauchumi Achyuta Adhvaryu, Namrata Kala na Anant Nyshadham walifuatilia matokeo ya kubadilisha taa zinazoning'inia juu ya cherehani, kutoka zile za mirija na kuweka za LED. Aliyezinunua alikuwa akifikiria bili ya umeme. Watafiti hao, kwa kulinganisha joto la kila siku na kiasi cha kazi kilichotoka kwenye kila mstari wa ushonaji, waliona jambo jingine: taa za zamani zilikuwa zikimwagia joto vichwani mwa washonaji, na katika siku za joto kali mikono ilikuwa ikipungua kasi. Baada ya taa kubadilishwa, kushuka huko kwa tija kulipungua kwa kiasi kikubwa. Kwa kuhesabu umeme peke yake, mtaji wa taa ungechukua zaidi ya miaka 3 na nusu kurudi. Ulipohesabiwa pamoja na kazi iliyookolewa, ulirudi katika muda usiofika theluthi ya huo.

Matokeo ya namna hiyo yanapatikana pia upande wa kazi. Tathmini ya Chuo Kikuu cha Tufts ya mwaka 2016 kuhusu Better Work, mradi wa pamoja wa Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Fedha la Kimataifa, ilionyesha kwamba mafunzo ya wasimamizi, hasa wasimamizi wanawake, yaliinua tija kwa asilimia 22. Msimamizi asiyepiga kelele wala kutukana, kumbe, ana thamani inayoweza kuandikwa kwenye daftari la mapato.

Nguvu ya hoja hii iko mahali pamoja na udhaifu wake. Taa za Bangalore zilijilipa kwa sababu aliyezinunua ndiye aliyevuna tija. Lakini kwa mujibu wa ripoti ileile ya McKinsey, takriban asilimia 70 ya hewa chafu ya mitindo hutoka kwenye kuzalisha malighafi na kuzitayarisha, na sehemu nzito ya hapo ni kutia rangi, kazi inayotaka maji ya moto na mvuke unaotoka kwenye boila za makaa ya mawe au gesi. Kuzing'oa boila hizo ni mtaji unaorudi kwa miaka mingi, ikiwa utarudi, na mwenye kiwanda huwa na oda ya msimu mmoja mkononi. Hakuna benki inayokopesha kwa miaka saba kwa dhamana ya oda ya miezi minne. Juu ya hayo, mtambo hununuliwa Dhaka, Bangladesh, au Tiruppur, India, na upungufu wa hewa chafu huandikwa kwenye ripoti ya mwaka ya kampuni iliyoko Ulaya, ambayo haikutoa hata senti.

Yapo majaribio ya kuziba pengo hilo. Mwaka 2014 kampuni ya Levi Strauss iliungana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuwapa wenye viwanda mikopo ya kuendeshea kazi kwa riba inayoshuka kadiri wanavyofanya vizuri kwenye vigezo vya kazi na mazingira, na mwaka 2016 PUMA ikafuata njia hiyo na benki ya BNP Paribas. Utaratibu huu ni wa busara kwa kuwa unampelekea aliyegharamika sehemu ya faida, ingawa riba nafuu ya mkopo wa muda mfupi bado haitoshi kununua boila.

Hoja ya pili: uendelevu huepusha hasara

Kundi la pili la watetezi halizungumzii kuokoa bali kuepuka balaa. Julai 2020 gazeti la Sunday Times la Uingereza liliripoti kwamba wafanyakazi wa karakana ya Leicester iliyoshona nguo za Boohoo, kampuni inayouza nguo mtandaoni, walilipwa pauni 3.50 kwa saa, chini sana ya kima cha chini cha nchi hiyo, na ndani ya siku chache thamani ya hisa za kampuni ikapukutika kwa zaidi ya pauni bilioni 1. Mtetezi wa hoja hii huuliza ni kiasi gani cha ukaguzi kingeweza kununuliwa kwa fedha hizo.

Swali ni zuri, lakini lina mwendelezo ambao husahaulika. Katika mwaka wa fedha ulioishia Februari 2021, mauzo ya Boohoo yalipanda kwa asilimia 41. Wenye hisa walishtuka. Wanunuzi, ambao wakati huo walikuwa wamefungiwa majumbani na korona, waliendelea kubonyeza simu zao. Hatari ya kuchafuka jina ipo, ila huziuma zaidi kampuni zenye jina kubwa na wawekezaji waoga, na huiacha bila hata mkwaruzo kampuni ambayo hakuna anayeijua.

Jambo zito zaidi ni kile ambacho hofu ya kuchafuka jina huzalisha. Kwa miaka mingi ilizalisha ukaguzi wa kulipia, ambapo kiwanda hulipa kampuni ya ukaguzi ili kipate cheti cha kumwonyesha mnunuzi. Kiwanda cha Ali Enterprises mjini Karachi kilipewa cheti cha SA8000, kinachohusu haki na usalama wa wafanyakazi, mwezi Agosti 2012. Tarehe 11 Septemba kikashika moto, na zaidi ya watu 250 wakafa nyuma ya milango na madirisha yasiyofunguka. Miezi saba baadaye, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza huko Savar, Bangladesh, lilianguka na kuua zaidi ya watu 1,100. Siku moja kabla, nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani. Benki iliyokuwa kwenye jengo hilohilo ikawaondoa wafanyakazi wake, na viwanda vya nguo vya ghorofa za juu vikawaamuru wa kwao warudi kazini. Wote waliziona nyufa zilezile. Kilichowatofautisha ni kwamba benki haikuwa na tarehe ya kupakia mzigo.

Mkataba wa usalama wa moto na majengo uliotiwa saini baada ya maafa hayo, maarufu kwa jina la Accord, unastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu uliacha kutegemea hofu. Zaidi ya kampuni 200 zilijifunga kisheria kugharamia ukaguzi huru wa viwanda zaidi ya 1,600, ripoti zikawekwa hadharani, na kampuni zikakubali kufikishwa mbele ya wasuluhishi zikikiuka. Kampuni moja, ambayo jina lake halikutajwa hadharani, ilikubali mwaka 2018 kulipa dola milioni 2.3 kumaliza shauri lililofunguliwa The Hague. Sekta ya nguo ya Bangladesh haikufa kwa mzigo huo kama ilivyotabiriwa, maana mauzo yake ya nje yalikaribia kuongezeka mara mbili katika muongo uliofuata, jambo ambalo haliwezi kusifiwa kuwa ni tunda la usalama peke yake lakini linatosha kukanusha kwamba usalama huua biashara.

Hata hivyo, milango ya moto na nguzo za zege zililipiwa zaidi na wenye viwanda, na utafiti wa Mark Anner wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State ulionyesha kwamba katika miaka hiyohiyo bei waliyolipwa kwa kila nguo ilikuwa ikibanwa kwenda chini. Korona ilipoingia mwaka 2020, oda za zaidi ya dola bilioni 3 zilifutwa au kusitishwa nchini Bangladesh, nyingine zikiwa zimekwisha kushonwa. Kampuni kadhaa zilizofuta oda hizo zilikuwa na kurasa nzuri sana za uendelevu.

Hoja ya tatu: mteja atalipa zaidi

Hoja ya tatu ndiyo inayopendwa na idara za masoko, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Wateja wakiulizwa kwenye dodoso, wengi husema wako tayari kulipa zaidi kwa nguo iliyotengenezwa kwa haki. Watafiti Jens Hainmueller na Michael Hiscox waliacha kuuliza wakapima, kwa kuweka lebo zinazoeleza mpango wa kuboresha hali za wafanyakazi katika maduka 111 ya Banana Republic nchini Marekani. Kwa suti ya kike ya dola 130, lebo iliongeza mauzo kwa asilimia 14 miongoni mwa wanunuzi wanawake. Kwenye nguo za bei ya chini lebo haikubadilisha chochote. Dhamiri ya mteja ipo, basi, na ina soko, ila soko hilo liko kwenye rafu ya juu, wakati wingi wa nguo na wingi wa madhara uko kwenye rafu ya chini.

Tatizo la pili ni kuaminika. Juni 2022 mamlaka ya kulinda walaji ya Norway iliamua kwamba alama za mazingira zilizokokotolewa kwa vipimo vya Higg, mfumo uliojengwa na tasnia yenyewe, zingeweza kuwapotosha wateja zikitumika kwenye matangazo, na mpango wa kuzionyesha dukani ukasitishwa. Mwaka 2020 wasimamizi wa GOTS, kiwango mashuhuri cha nguo za kilimo hai, walitangaza kugundua udanganyifu uliohusu tani 20,000 za pamba ya India iliyopewa vyeti vya uongo. Panapokuwa na bei ya ziada kwa kitu kisichoonekana kwa macho, wa kukighushi hakosekani. Hata pasipo udanganyifu, baadhi ya programu hutumia mfumo wa mizania ya kiasi, ambapo pamba endelevu huchanganywa na nyingine kiwandani na kinachofuatiliwa ni uzito kwenye karatasi tu, kwa hiyo mvaaji anaweza kuwa amelipia pamba ambayo haimo kabisa kwenye nguo aliyovaa.

Hoja ya wapinzani

Wapinzani hupenda kurejea makala ya Milton Friedman ya mwaka 1970 iliyosema kwamba wajibu wa kijamii wa biashara ni kuongeza faida zake, na kwamba meneja anayetumia fedha za wenye hisa kwa mambo mema anawatoza kodi bila idhini yao. Katika mitindo hoja hiyo imeshuka hadi kwenye jambo la vitendo: kampuni inayopandisha gharama zake peke yake huwaachia soko washindani wasiopandisha. Hapo wapinzani wana haki. Wanapokosea ni pale wanapohitimisha kwamba basi hakuna la kufanya, kwa sababu tatizo la mmoja kutangulia peke yake ndilo hasa ambalo sheria hulitatua. Ufaransa ilipitisha sheria ya uangalifu wa kampuni mwaka 2017, Ujerumani ikaanza kutekeleza yake Januari 2023, na Marekani, kwa sheria iliyoanza kazi Juni 2022, inachukulia kwamba bidhaa yoyote yenye malighafi ya Xinjiang imetokana na kazi za kulazimishwa hadi mwagizaji athibitishe vinginevyo. Jimbo hilo la China hutoa takriban moja ya tano ya pamba ya dunia. Kwa hatua hiyo, kujua pamba imetoka wapi kuliacha kuwa pambo la ripoti ya mwaka, kukawa tiketi ya kupita forodhani.

Hoja yao yenye uzito zaidi ni nyingine, nayo haisemwi sana: mzigo wa sheria hizi huteremka. Kampuni inayotakiwa kujaza fomu humtumia msambazaji wake fomu, naye humtumia wa chini yake, hadi karatasi zikamfikia asiye na mwanasheria wala wa kumpandishia bei.

Meatu na Hawassa

Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika zina mifano miwili inayoweza kupima hoja zote hizi.

Katika wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu, Tanzania, kampuni ya Remei ya Uswisi ilianza mwaka 1994 mradi wa pamba ya kilimo hai unaoitwa bioRe. Mkulima hapigi viuatilifu vya viwandani. Miongoni mwa mbinu zake ni kupanda alizeti ndani ya shamba la pamba ili kumvuta funza wa vitumba, mdudu anayeogopwa kuliko wote katika Kanda ya Ziwa, na kuwakaribisha wadudu wanaomla. Hutegemea mvua, kama wakulima karibu wote wa pamba wa Tanzania, jambo linaloonyesha jinsi ile takwimu maarufu ya lita 2,700 za maji kwa fulana moja inavyoweza kupotosha ikisemwa bila kutaja shamba. Anayefuata masharti hupata asilimia 15 juu ya bei ya soko na uhakika wa mnunuzi. Kilichoubeba mradi kwa miongo mitatu ni kwamba upande wa pili wa mnyororo alikuwapo muuzaji mkubwa, Coop ya Uswisi, aliyeahidi kununua nguo zilizotokana na pamba hiyo tangu miaka ya 1990.

Mfano huu hauna miujiza. Shamba huchukua miaka miwili hadi mitatu kabla halijakubaliwa kuwa la kilimo hai, na katika kipindi hicho mkulima hubeba hatari ya mavuno kupungua bila kupata bei kamili ya fidia. Jirani akipuliza dawa, upepo hauheshimu mpaka. Na katika msimu ambao bei ya kawaida imeruka kwa sababu ya ushindani wa wachambuaji, asilimia 15 hupoteza mvuto na baadhi ya pamba huuzwa pembeni. Cotton made in Africa, iliyoanzishwa mwaka 2005 na mfanyabiashara wa Ujerumani Michael Otto na ambayo pia inafanya kazi Tanzania, ilichagua njia tofauti: haitoi bei ya ziada, bali kampuni za nguo hulipa ada ya kutumia alama yake, na ada hiyo hugharamia mafunzo ya wakulima. Njia hii huwafikia wakulima wengi zaidi kwa gharama ndogo zaidi kwa kila mmoja, lakini humwachia mkulima hatari yote ya bei.

Hawassa, kusini mwa Ethiopia, ilikuwa kamari kubwa zaidi. Kongano la viwanda lililozinduliwa mwaka 2016 lilijengwa kwa kunadiwa kama la kijani: umeme wa maji, na mtambo wa kusafisha maji ya viwandani na kuyarudisha kazini badala ya kuyamwaga ziwani. Kampuni ya PVH ya Marekani, yenye chapa za Calvin Klein na Tommy Hilfiger, ilikuwa mstari wa mbele kuivutia tasnia kwenda huko. Kisha ripoti ya Chuo Kikuu cha New York ya mwaka 2019 ikaeleza kwamba ujira wa kuanzia ulikuwa dola 26 kwa mwezi, na kwamba viwanda vililazimika kwa wastani kuajiri upya wafanyakazi wao wote ndani ya miezi 12, kwa sababu wasichana waliotoka vijijini hawakuweza kulipa kodi ya chumba na chakula kwa kiasi hicho. Mtambo wa maji ulilipiwa na serikali, hivyo ukapatikana. Mishahara ilipaswa kulipwa na wanunuzi kupitia bei, nayo haikupatikana. Tija iliporomoka palepale ambapo hoja ya kwanza ingetabiri kwamba kulipa vizuri kungejilipa. Mwishoni mwa mwaka 2021, vita vya Tigray vikiendelea, PVH ilitangaza kufunga kiwanda chake, na tarehe 1 Januari 2022 Marekani ikaiondoa Ethiopia kwenye AGOA, mpango uliokuwa ukiruhusu bidhaa za Afrika kuingia huko bila ushuru.

Kuzipima hoja

Zikiwekwa kwenye mizani, hoja ya kuokoa gharama inashinda kwa ushahidi lakini inaishia kwenye kuta za kiwanda. Ya kuepusha hasara ina nguvu pale tu inapogeuzwa kuwa mkataba, na ya mteja inafaa kwa sehemu ndogo ya soko na haipaswi kubebeshwa mnyororo mzima. Zote tatu zinakwama kwenye jambo la wingi, kwa kuwa kampuni inayopunguza madhara ya kila fulana na kuuza fulana nyingi zaidi inaweza kuwa imefaidika bila dunia kufaidika. Mwisho wa nguo hizo huonekana kwenye soko la Gikomba, Nairobi, ambako marobota ya mitumba huwapa riziki maelfu ya watu na pia huacha mabaki yasiyouzika, ambayo gharama ya kuyazoa haimo kwenye hesabu ya kampuni yoyote iliyoyatengeneza.

Kwa hiyo anayetaka kujenga hoja ya kibiashara inayosimama hana budi kuonyesha, kwa kila ngazi, nani anatoa mtaji, nani anavuna, na fedha zinarudi kwa njia gani kutoka kwa mvunaji hadi kwa mtoaji. Njia hizo zinajulikana: oda za misimu kadhaa badala ya mmoja, malipo yanayofanyika mapema, nyongeza ya mshahara inayoandikwa kama kiasi maalumu ili isivimbishwe na asilimia za faida njiani, na kugawana gharama za ukaguzi. Ugumu wake ni kwamba kila moja inapunguza uhuru wa mnunuzi wa kuhama kiwanda wakati wowote, na uhuru huo ndio msingi ambao mitindo ya haraka imejengwa juu yake. Ndiyo maana kampuni nyingi hutia saini malengo ya mwaka 2030 na si mikataba ya mwaka 2027.

Kwa Tanzania, suala hili linafika likiwa na sura ya robota. Sehemu kubwa ya pamba yake huuzwa nje ikiwa nyuzi ghafi na kusokotwa Asia, na hapo huchanganywa na pamba ya kwingineko, hivyo asili yake hupotea kabla haijawa uzi. Soko la Marekani linapodai uthibitisho kwamba pamba haikutoka Xinjiang, pamba ya Simiyu inayoweza kufuatiliwa hadi kwenye chama cha msingi cha wakulima, yaani AMCOS, ina thamani ambayo ile isiyofuatilika haina. Lakini kufuatilia kunahitaji maghala yaliyotengwa, mizani, kumbukumbu na watu wa kuzitunza, na katika mfumo wa sasa mchambuaji anayebeba gharama hizo ana mahali pamoja tu pa kuzipunguzia, nalo ni bei anayomlipa mkulima, labda msokotaji au mwenye chapa akubali kuziandika kwenye bei ya nyuzi kabla msimu wa ununuzi haujafunguliwa.